Mtoto wa Kendwa Ana Wenyewe

Ulaya ikiingia likizo, kaskazini ya Unguja hupokea wageni wa namna mbili. Wapo wanaoijia bahari ya Kendwa, ambayo maji yakipwa hayakimbii mbali kama ya pwani ya mashariki. Hao hujaza hoteli na kukesha kwenye ngoma za mwezi mpevu. Na wapo vijana wanaotumwa na makanisa yao kuja kuwafundisha watoto Kiingereza, kuwaimbisha, kucheza nao mpira na, kwa maneno yao wenyewe, kuwaonyesha upendo wa Kristo.

Hawa wa pili ndio ninaowazungumzia leo, kwa sababu ni ndugu zangu. Mimi ni Mkristo wa Unguja, nimebatizwa katika kanisa kuu la Mkunazini, na nimefanya nao kazi: nimewatafsiria darasani, nimewapeleka kwa sheha, nimekaa nao barazani kwa wazazi. Wengi ni watu wema kwelikweli. Siku ya kuondoka hutoa ushuhuda unaofanana. Tulikuja kufundisha, husema, lakini tuliofundishwa ni sisi. Watoto hawa hawana kitu na bado wana furaha na imani kutushinda. Husema hayo wakilia, na machozi yao nayaamini. Ila naona somo lenyewe wameliacha nyuma. Wamelisifu tabasamu la mtoto, wakaisahau nyumba iliyomlea.

Mtoto wa Kendwa hakuokotwa ufukweni. Kama zamu yake ni ya asubuhi, huamka mapema akavaa sare akaenda skuli, na alasiri utamkuta njiani kwenda chuo cha Kurani na juzuu yake mkononi, wa kiume na kofia, wa kike na mtandio uliobanwa vizuri kidevuni. Kabla hajaweza kusoma gazeti ameshahifadhi sura fupi za Juzuu Amma. Baba yake huenda ni mvuvi, au fundi wa vyombo kule Nungwi ambako majahazi yangali yanaundwa kwa mkono, au mlinzi wa hoteli. Ana mama, bibi, shangazi, na majirani wenye ruhusa ya kumkemea akikosa adabu. Ana maalim wake. Kwa ufupi, mtoto huyu ana wenyewe, na imani ambayo mgeni anaistaajabia ni kazi ya hao wenyewe, ya siku zote, bila kamera.

Nitaeleza nilichokiona, maana sitaki mtu adhani nawabeza hawa vijana. Adhana ya alasiri inapoadhiniwa watoto huacha mpira pale ulipo. Hakuna anayewapulizia filimbi. Msichana mmoja wa Kijerumani, mtoto wa mchungaji, aliulizwa na kitoto cha darasa la pili swali ambalo huku ni la kawaida kabisa: umeshasali? Akababaika. Aliniambia baadaye kwamba kwao hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, hata baba yake, na kwamba amekuwa akificha sala zake kama mtu anayeficha ugonjwa. Tangu siku ile akawa anakaa kando watoto wakienda kusali, anafungua kitabu chake cha sala na kusali bila kujificha, naye bila kuwahubiria. Watoto waliporudi walimwona kuwa mtu kamili zaidi kuliko jana. Sijui mahubiri gani ya Mkunazini yangemfikisha pale kwa haraka hivyo.

Ramadhani nayo ina masomo yake. Watoto wa miaka saba au minane hawajawajibika kufunga, lakini hujaribu, wakaishia adhuhuri, na mwaka unaofuata wakasogea mpaka alasiri. Hufunga kwa kushindana na kwa kutaka kuwa kama wakubwa. Mgeni akila mkate mbele yao hawasemi neno, humtazama tu kwa heshima. Vijana niliokuwa nao waliacha wenyewe kula mchana hadharani, na kabla ya mwezi kwisha walialikwa futari na nyumba ambazo hata majina yake hawakuyajua. Muhogo wa nazi, tambi, samaki, uji wa pilipili manga. Nyumba yenye watoto sita ikampa mgeni mahali pazuri pa kukaa. Mkristo akikaa katika mkeka ule akala, akashukuru, na asitafute nafasi ya kuingiza mada yake, amejifunza kitu kuhusu neema ambacho sisi tuliokulia kanisani hukisikia zaidi kuliko kukionja: kupokea bila kuwa na cha kulipa.

Kanisa la Unguja lilianza na watoto. Hii ni habari ambayo vijana wa misheni hupitishwa mbio siku ya kutembezwa Mji Mkongwe, baada ya kuonyeshwa vyumba vya chini vinavyoelezwa kuwa vya watumwa. Agosti 1864 Askofu William Tozer alishuka Unguja pamoja na Padri Edward Steere. Misheni yao, ile ya Vyuo Vikuu iliyojulikana kwa herufi UMCA, ilikuwa imevunjika kule Magomero, katika nchi inayoitwa leo Malawi. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikuwa amefariki kwa homa mwezi Januari 1862, na misheni ilikuwa imeingia katika vita vya wenyeji. Tozer akaja kuanza upya, hana kanisa wala muumini. Sultani Majid akampa watoto watano wa kiume waliotolewa katika jahazi la watumwa. Wamishonari waliandika kwamba ni zawadi. Watoto hawakuulizwa.

Wale watano, na mamia waliofuata, hawakuwa na wenyewe. Yaani walikuwa nao, ila walinyang'anywa: Wayao, Wanyasa, Wamakua, watoto waliotembezwa mpaka pwani na kupakiwa majahazini, wengi hawajui hata upande ambao kwao kuko. Misheni ikawajengea skuli ya wavulana Kiungani na ya wasichana Mbweni. Skuli zile hazikuwa pepo. Zilikuwa na fimbo, na saa zilizopangwa kama za jeshi, na wasichana waligawanywa kati ya wale wa kusomeshwa ualimu na wale wa kazi za mikono kwa jinsi walivyopimwa na wageni. Sipaki chokaa. Lakini nikitafuta mahali ambapo misheni ile ilifanya jambo linalodumu, nakuta kila mara ni pale ambapo mtu mzima aliamua kunyamaza na kujifunza.

Steere alijifunza Kiswahili kabla ya kudai kusikilizwa. Kitabu chake cha sarufi kilitoka 1870, na mwaka huohuo akachapisha hadithi alizozikusanya Unguja kwa wasimulizi Waislamu, akaziandika kama zilivyosimuliwa. Katika matbaa yake walifanya kazi vijana wa misheni, wakipanga herufi moja moja. Agano Jipya la Kiswahili lilitimia kabla hajafariki mwaka 1882, na yeye amezikwa nyuma ya altare ya kanisa kuu la Mkunazini, kwenye uwanja uliokuwa soko la watumwa mpaka Sultani Barghash alipolifunga Juni 1873. Mtu aliyetumia miaka yake kusikiliza hekaya za watu wa dini nyingine ndiye aliyewaachia Wakristo wa pwani lugha ya kusalia. Hilo sioni likifundishwa katika semina za kuwaandaa wajitoleaji.

Halafu kuna kitabu kilichotoka 1887, kilichoitwa Kiungani, ambacho A. C. Madan alikihariri na kukifasiri kwa Kiingereza. Ndani yake wavulana wa skuli ile wanasimulia wenyewe maisha yao: vijiji walikotoka, mama zao, siku ya kutekwa, mikono waliyouzwa na kuuzwa tena. Naliona hili kuwa tendo la imani kubwa kuliko mnara wa kanisa. Mwalimu aliyewapa karatasi na kuwaacha waandike alikiri kwamba wanafunzi wake walikuwa watu kabla hajawaona, wana kwao, wana vilio visivyomhusu. Kutoka katika watoto hao walipatikana viongozi. John Swedi, mmoja wa wale watano wa 1864, akawa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa naye, alipewa upadri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile, akaenda kuwahudumia Wayao wenzake Chitangali huko kusini. Mzao wake, John Ramadhani, alikuja kuwa Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana Tanzania. Majaliwa alipopata nafasi alirudi kwa wenyewe.

Na Mbweni alikaa Caroline Thackeray. Alifika 1877 kufundisha wasichana, na alifariki Unguja mwaka 1926. Karibu nusu karne. Aliwazika wanafunzi wake wengine, aliwaozesha wengine, na aliwafundisha watoto wa aliowafundisha. Sisemi kila kijana anayekuja Kendwa afe Kendwa. Nasema mtoto hupima imani ya mtu mzima kwa kitu kimoja kabla ya vyote: je, kesho utakuwepo?

Hapa ndipo penye kidonda. Mgeni anakuja kwa wiki sita au miezi miwili. Wiki ya kwanza watoto wanamtazama kwa mbali. Ya tatu wanamvuta mkono, wanamsuka nywele, wanagombania kukaa karibu yake. Kisha siku ya mwisho kunaimbwa, kunapigwa picha, na mgeni, kwa moyo wake wote, anaahidi kwamba atarudi. Inshallah, watoto wanajibu, kama walivyofundishwa na wakubwa wao. Na wanaanza kungoja. Nimekutana na mtoto aliyeniuliza habari za mwalimu fulani wa kizungu, atarudi lini, wakati skuli ilikuwa imeshapokea na kuaga wageni wengine kadhaa tangu yule aondoke. Aliamini kwa sababu kwao mtu mzima akiahidi hutimiza. Baada ya ahadi chache za namna hiyo mtoto huyohuyo hujifunza kucheka na kila mgeni bila kumshika kweli. Wageni huona kicheko wakakiita furaha ya Kiafrika. Mimi naona mtoto aliyejifunza kujilinda, na amejifunza hilo kwa watu waliokuja kumfundisha kuamini.

Yesu alipoulizwa nani mkubwa, Injili ya Mathayo inasema, alimwita mtoto akamsimamisha katikati ya wanafunzi wake. Tunaupenda mfano huo. Tunasahau kwamba onyo kali linalofuata, la jiwe la kusagia na kilindi cha bahari, linamhusu yule anayeikosesha imani ya wadogo. Kila anayetaka kwenda misheni kwa watoto aisome sura ya 18 mpaka mwisho, asiishie kwenye mistari inayobandikwa ukutani.

Lipo na jambo ambalo wengine katika makanisa yetu watakasirika nikilisema. Kumhubiria mtoto wa Kiislamu kwa kificho ni kosa. Nimeshuhudia kikundi kikiwafundisha watoto nyimbo za Yesu kwa jina la somo la Kiingereza, bila mwalimu mkuu kujua wala mzazi mmoja kuombwa ruhusa. Mtoto mmoja akaenda kuziimba nyumbani. Mama yake alikuja skuli asubuhi, hakupiga kelele, akauliza tu kwa nini hawakumwambia. Hakuna aliyekuwa na jibu la kumpa, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa aibu. Ndugu zangu, mzazi Mkristo wa Morogoro au wa Munich akigundua kwamba mwanawe anafundishwa dini nyingine kwa ujanja atasema kaibiwa. Kile tusichotaka kutendewa tumekwisha kuagizwa tukifanyie nini. Mtu mzima anayetaka kujua habari za imani yangu aniulize, nitamjibu usiku kucha. Mtoto wa mwenzangu si uwanja wangu wa kupanda.

Nalisema hili nikikumbuka miaka ambayo hatukupenda kutoka nje usiku. Mwaka 2012 makanisa yalichomwa Unguja. Novemba mwaka huo Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti, alimwagiwa tindikali akiwa katika mazoezi ya asubuhi. Februari 2013 Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi akienda kuongoza misa. Agosti mwaka huohuo wasichana wawili wa Kiingereza, waliokuwa wamejitolea kufundisha watoto, walimwagiwa tindikali katika Mji Mkongwe. Hawakuwa wamemkosea mtu. Waliotenda maovu yale hawana udhuru, wala sitafuti kuwapa. Ninachokumbuka ni jirani yangu Mwislamu, mtu mzima, aliyekuja na wanawe kukaa nje ya nyumba yetu Jumapili ya baada ya kuuawa padri, wakakaa mpaka tuliporudi kanisani. Amani ya Unguja inashikwa na watu kama yule, na kila hila tunayowafanyia watoto wao ni deni tunalowabebesha wao mbele ya wenzao.

Bado kuna suala la nyumba za yatima, ambazo ndizo wajitoleaji wengi wa dini huzitafuta. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba watoto wengi wanaoishi katika nyumba hizo wana mzazi mmoja walau aliye hai. Umaskini ndio uliowapeleka, na fedha za wageni huwafanya wabaki. Kenya ilisimamisha usajili wa nyumba mpya za watoto mwaka 2017. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lililotaja pia madhara ya kujitolea katika nyumba hizo. Unguja ina Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011, na tuna desturi iliyoitangulia sheria hiyo kwa karne nyingi, ya mtoto kulelewa na bibi, shangazi au mama mdogo bila mtu kumwita yatima. Kanisa lenye fedha za kujenga nyumba ya watoto lingefanya ibada ya kweli kama lingempa bibi wa Kendwa uwezo wa kulisha wajukuu wake kwake.

Na imani haitoshi bila ujuzi. Jinja, Uganda, mwanamke kijana wa Kimarekani asiye na mafunzo ya udaktari alianzisha kituo cha watoto wenye utapiamlo kwa kuamini kwamba Mungu amemwita. Kati ya 2010 na 2015 watoto 105 walifia chini ya uangalizi wa kituo hicho. Kesi iliyofunguliwa na akina mama wawili mwaka 2019 ilimalizwa mwaka uliofuata kwa makubaliano, bila kituo kukiri kosa. Mungu akimwita mtu kutibu watoto, humwita kwanza kwenda kusomea udaktari.

Je, wasije? La, waje. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na sisi wenyeji tumekosea kwa kuwaacha wageni wajichagulie jembe lenyewe. Skuli za kaskazini zina madarasa yaliyojaa, na walimu wao ndio watakaokuwepo Januari na Novemba. Mjitoleaji anayejua kufundisha Kiingereza awafundishe walimu, ndani ya chumba cha walimu, naye apokee kutoka kwao namna ya kutuliza darasa kubwa bila kupiga kelele. Anayejua hesabu za fedha akae na kamati ya skuli. Anayejua kushona, kuogelea, kutengeneza mashua, atapata wa kumfundisha na wa kujifunza kwake. Elimu ya chekechea Zanzibar ilisogezwa mbele sana na mpango wa madrasa ulioanza Mombasa miaka ya 1980 na kufika kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mpango huo ulichukua wanawake wa mitaa ileile, ukawapa mafunzo, na vyuo vikapata madarasa ya watoto wadogo yenye michezo na hadithi. Hawakuleta mwalimu kutoka mbali. Wakristo tuna haki ya kujifunza kutoka kwa Waislamu namna ya kuwahudumia watoto, na hapo tunalo darasa lililo wazi.

Tena hili halimhusu mzungu peke yake. Vijana wa kwaya kutoka bara huja Nungwi na Kendwa kwa basi na boti, wakajiona wamefika nchi ya watu wa kuokolewa, wasijue kwamba Wakristo wanaofanya kazi katika hoteli za huku, wapishi na wahudumu wa vyumba, wameishi na majirani zao kwa miaka, wakipelekeana chakula cha Pasaka na cha Idi. Hao ndio misheni iliyopo Kendwa tayari. Waulizwe kwanza.

Wito wangu ni kwa wachungaji, mapadri na wazee wa makanisa mnaopanga safari za mwakani, popote mlipo. Kabla ya kuchangisha nauli, mwandikieni mwalimu mkuu wa skuli mnayotaka kwenda, mwombeni azungumze na wazazi, na sheha, na maalim wa chuo, awaambie wanahitaji nini na kwa muda gani. Vijana wenu waanze Kiswahili nyumbani. Wakatazwe kuahidi kurudi. Na kama jibu la Kendwa ni kwamba mwaka huu hawahitaji mgeni, bakini kwenu na mpeleke hiyo nauli kwa walimu.